Mgongo wa Mkunga

4 Machi

Daktari wa mifupa ametaka tuandike. Kila siku, amesema, tuandike maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi, mgonjwa amekaa kitako kwa muda gani, amelalaje, ameshindwa nini. Mke wangu akamjibu kwamba amejaza karatasi za wagonjwa miaka ishirini na mitatu na hana mpango wa kuanza kujijazia za kwake. "Basi ataandika huyu," daktari akasema, akanisukumia kalamu. Ndivyo fundi bomba alivyopata ukarani.

Kwa hiyo: leo saba. Amekaa dakika ishirini. Ameshindwa kuvaa soksi.

Naongeza ya kwangu, maana daftari ni kubwa na mvua imenifungia ndani. Mke wangu ni mkunga. Mtaani hawamwiti kwa jina, wanamwita Mkunga tu, na mimi humwita hivyohivyo nikitaka kumchokoza. Miaka sita iliyopita aliteleza wodini kwenye sakafu iliyotoka kupigwa deki, akaangukia tako la kulia. Aliinuka, akazalisha wanawake wawili siku ileile, akarudi nyumbani akichechemea. Tukadhani ni jambo la siku tatu. Tangu hapo hukalia upande mmoja wa kila kiti, hageuki kitandani bila kushika ukingo, na ngazi huzipanda kwa mguu uleule mmoja, mwingine ukifuata nyuma kama mkia. Amepigwa picha za mgongo mpaka nimesahau ni ngapi, na majibu ni yaleyale: mgongo mzima. Amemeza vidonge, amevaa mikanda, amekandwa na kila aliyejisifu kwamba anajua kukanda.

Huyu daktari ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini. Alimwambia, "Usinieleze. Nionyeshe kwa kidole kimoja tu." Mkunga akaweka kidole chini ya kiuno, upande wa kulia, pale penye kibonyeo. Daktari akabonyeza hapohapo, na mke wangu akaruka.

"Huu si mgongo," daktari akasema. "Ni kiungo kilicho chini yake, pale mfupa wa mwisho wa uti unapokutana na nyonga. Nadhani kimelegea. Miaka yote hii tumekuwa tukipiga picha nyumba ya jirani."

5 Machi

Sita. Mvua.

6 Machi

Saba. Mvua. Amekula akiwa amesimama.

8 Machi

Nane. Alikwenda kazini, akarudishwa saa sita na gari la hospitali. Hataki kuulizwa. Sijamuuliza.

12 Machi

Leo ilikuwa sindano. Daktari alitueleza vizuri: wataongoza sindano kwa mashine ya eksirei hadi ndani ya kiungo chenyewe, watie ganzi. Kama maumivu yanatoka pale, yatanyamaza kwa saa chache. Yasiponyamaza, tutafute mwizi kwingine. "Hii si dawa," alisema mara mbili, akinitazama mimi, sijui kwa nini. "Ni ushahidi tu."

Nilimsubiri kwenye benchi la nje. Mlango ulipofunguka nilidhani ni mtu mwingine, kwa sababu mtu yule alikuwa anatembea. Simaanishi anasogea, anatembea, mikono ikining'inia. Alinipita, akafika kwenye ngazi, akashuka mguu huu na mguu huu. Chini akageuka. "Fundi, unasubiri nini huko juu?"

Nyumbani alivaa soksi mwenyewe, akazivua, akazivaa tena. Kisha akachuchumaa mbele ya kabati la sufuria, akatoa kila kitu. Huko nyuma kulikuwa na mifuniko ambayo hatujaiona tangu aanguke, kwa sababu yeye hakuweza kuinama na mimi sikujua kama ipo. Alikaa sakafuni, miguu ameikunja, akaoanisha mifuniko na sufuria zake huku akiniimbia. Nilimwambia apumzike. "Nimepumzika miaka sita," akasema.

Saa kumi jioni akanyamaza. Nilimwona anashika mlango wa kabati, anatafuta namna ya kuinuka. Nikamnyanyua. Alikuwa analia, na yeye si mtu wa kulia.

"Yamerudi?"

"Yamerudi."

"Pole, mama."

"Silii kwa ajili ya maumivu," akasema. "Nalia kwa sababu ni kweli. Yalikuwepo pale siku zote. Sikuwa naigiza."

Nilimwambia hakuna aliyesema anaigiza. Hapo nilidanganya, na kwa kuwa daftari hili halina msomaji mwingine ila daktari, acha niandike. Mwaka wa pili, baada ya picha ya nne kurudi safi, tulikuwa tunaanua nguo uani, nikamwambia, "Labda ni mawazo tu." Nilisema kwa sauti laini, kama mtu mwema. Aliendelea kukunja mashuka. Tangu siku ile hakunilalamikia tena, na mimi nikaona afadhali.

13 Machi

Nane.

14 Machi

Saba. Mvua imeingia stoo. Nimeziba.

19 Machi

Tumeketi na daktari, yaani mimi na yeye tumeketi, Mkunga amesimama nyuma ya kiti chake. Sindano imethibitisha. Mazoezi na vidonge tumeshajaribu vya kutosha. Kilichobaki ni kukifunga kiungo kisicheze. Mkato mdogo ubavuni mwa tako, upana wa vidole viwili hivi. Kupitia hapo wataingiza vipini vitatu vya titani, kutoka mfupa wa nyonga hadi mfupa wa chini wa uti. Kwa miezi kadhaa mfupa utaota juu ya vipini, na mifupa hiyo miwili itakuwa kitu kimoja. Kazi yenyewe haifiki saa mbili. Kesho yake nyumbani, kwa magongo.

Mkunga aliuliza maswali ya watu wa hospitali: neva, damu, usaha. Mimi niliuliza kama vitashika kutu. Daktari alicheka kidogo, akasema hapana, titani haishiki kutu.

Kisha mke wangu akauliza lile aliloliogopa. "Na nisipopona?"

"Wengi hupata nafuu kubwa," daktari akasema. "Wengine nafuu ya nusunusu. Wachache hawapati. Sitakudanganya kwamba najua wewe uko kundi gani."

Tulikuwa garini, karibu na nyumbani. "Huyu nitamruhusu anikate," akasema. "Kwa sababu hakuniahidi."

20 Machi

Saba. Amempigia simu dada yake. Nimesikia sauti ya dada kutoka jikoni, na mimi nilikuwa uani.

Huyu ni dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu. Kwa siri namwita Kengele. Miaka ishirini na saba iliyopita aliniuliza, mbele ya wazee wote, kama ninanawa mikono kabla ya kula, kwa vile kazi yangu ni vyoo. Sijasahau. Anasema mifupa haipigiliwi misumari kama kiti. Anasema wanawake wote wa kwao wana migongo mibovu na hawakukatwa. Halafu, bila kuulizwa, anasema anakuja.

27 Machi

Saba. Kengele amefika na masanduku matatu na mto wake mwenyewe. Amepitisha kidole juu ya friji. Kisha akakitazama kidole.

29 Machi

Sita na nusu, amesisitiza nusu. Ukutani jikoni kuna ratiba ya nyumba iliyopigwa mistari kwa rula. Mimi nimepangiwa vyombo vya jioni.

31 Machi

Nane. Dada mtu amemwambia, "Bado hujachelewa kukataa." Mke wangu akamjibu, "Dada, nimechelewa miaka sita."

3 Aprili

Wamemwingiza saa tatu asubuhi. Alinipa pete na miwani. "Usiache ratiba," akaninong'oneza, tukacheka wote wawili, kisha machela ikakunja kona.

Tulibaki Kengele na mimi kwenye benchi, katikati yetu mkoba wake. Mvua ilikuwa inapiga bati la ukumbi hata hatukulazimika kuongea. Baada ya nusu saa akausogeza mkoba upande wa pili.

"Shemeji," akasema, "mama yetu alikuwa anaamka kwa magoti. Mdogo wangu alikuambia?"

Nikasema hapana.

"Hajui. Alikuwa mdogo. Mama alikuwa akitoka kitandani anapiga magoti kwanza, anashika kiti, ndipo asimame. Akitembea anatupa mguu hivi." Akaonyesha kwa mkono. "Mimi na wenzangu tulikuwa tunamwigiza. Nilikuwa mwigizaji hodari. Siku moja nikageuka, nikamkuta mlangoni ananitazama. Hakunipiga. Afadhali angenipiga."

Nilitazama sakafu.

"Mdogo wangu alipoanza kuchechemea nilimwambia aache, anazidisha," akasema. "Nilimwambia mwendo ule ni tabia. Sikutaka kuuona tena, shemeji. Ndiyo sababu tu."

Sijui nani alinituma, lakini nikamwambia la kwangu, la nguo uani. Alisikiliza hadi mwisho, kama anavyosikiliza mwalimu mkuu, kichwa ameinamisha. Nilitegemea hukumu. Akafungua mkoba, akatoa machungwa mawili yaliyomenywa, akanipa moja. "Kula," akasema. "Ulitoka bila chai."

Daktari alitoka kabla ya saa tano, kofia bado kichwani. Vipini vimekaa vizuri, vyote vitatu.

Mkunga alipofumbua macho, muuguzi alimuuliza maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Akageuza shingo polepole kunitafuta. "Muulize karani," akasema, akalala tena.

4 Aprili

Nyumbani. Sita, lakini anasema ni sita ya aina nyingine: ya kidonda, si ile ya ndani. Mguu wa kulia unagusa chini tu, haubebi uzito. Nimemkataza kila kitu. Kengele amekataza yaliyobaki.

6 Aprili

Tano. Mvua kubwa. Nimepigiwa simu kumi na moja za mitaro iliyoziba, nimekwenda miwili.

7 Aprili

Nimefunga vishikio. Nilikuwa na mabomba ya chuma stoo, yale mazito. Nimeyakata, nimepiga msasa ncha zote, nimeyafunga bafuni, chooni, na korido nzima hadi chumbani kwetu. Kiti cha choo nimekiinua kwa kiganja kizima ili asishuke chini sana. Siku nzima imekwenda. Kengele alisema nyumba imekuwa kama kiwanda. Jioni nilimwona anapita koridoni, ameshika bomba langu kwa mikono miwili, anajaribu kama linatikisika. Halitikisiki.

9 Aprili

Nne.

12 Aprili

Nne. Ameanza mtu wa mazoezi. Ni jitu, mlango umemtosha kwa shida, na neno lake ni moja: taratibu. Kaza tako, taratibu. Legeza, taratibu. Tumempa jina hilohilo. Mkunga ana hasira naye. Anasema yeye amewaambia wanawake "sukuma" miaka ishirini na mitatu, na sasa analipwa kwa "taratibu".

15 Aprili

Tatu. Mvua. Binti yetu amepiga simu kutoka chuoni akauliza tunaendeleaje na shangazi mkuu wa shule. "Ni mama yako mkubwa," nikamsahihisha. Nimejishangaa.

20 Aprili

Tatu. Amelala usingizi moja kwa moja bila kugeuka. Mimi ndiye niliyekuwa macho, nasikiliza kama anapumua.

25 Aprili

Tatu. Wanawake hawa wawili wamecheka chumbani mchana kutwa. Nilipoingia wakanyamaza. Nimeosha vyombo vyangu nikatoka.

2 Mei

Naandika nikiwa bado na nguo zilizolowa.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa nne nikaitwa kwenye bweni la wasichana, bomba la tangi limepasuka, maji yanashuka ngazi. Mkunga akanifukuza: "Nenda, dada yupo." Nilikwenda. Simu yangu ikalowa, ikazima. Barabara ya chini ikafungwa na maji. Nilirudi kwa miguu, saa tisa alasiri, nikakuta nyumba wazi na hakuna mtu. Magongo hayapo. Nilisimama sebuleni nikiita kama mwehu.

Nilimkuta nyumba ya tatu, kwa jirani yetu mpaka rangi, yule anayepaka nyumba za watu.

Yaliyotokea nimeyapata vipandevipande, hasa kutoka kwa Kengele. Mke wa mpaka rangi alishikwa na uchungu mchana, wiki mbili kabla ya siku zake, mtoto wa pili, na wa pili hangoji. Gari lisingeweza kupita. Mume akaja kugonga mlango wetu, rangi bado kwenye nywele. Mke wangu akamwambia Kengele, "Dada, nishike mkono huu. Tunakwenda." Kengele akamkumbusha katazo la daktari, kipengele kwa kipengele. Mke wangu akamwacha amalize. "Umemaliza?" akauliza. "Sasa osha mikono mpaka viwiko. Leo mwanafunzi ni wewe."

"Mimi nilifundisha hesabu," Kengele akasema.

"Basi utahesabu."

Ikawa hivyo. Mkunga ameegemea ukuta kwa magongo yake, anaamuru kwa mdomo. Mwalimu mkuu mstaafu chini, gauni limekunjwa, anafanya anachoambiwa na mdogo wake, neno kwa neno. Anasema hakuwahi maishani kumtii mtu hivyo. Kichwa kikatoka. Kamba ya kitovu ikawa imezunguka shingo, imebana. Mkunga akaeleza: pitisha kidole, iinue juu ya kichwa. Kengele akajaribu, vidole vikateleza. Akajaribu tena. "Uso umekuwa wa buluu," akasema, na sauti yake, asema mwenyewe, haikuwa yake.

Mke wangu akatupa magongo. Akapiga magoti sakafuni, akajipinda kuelekea kulia, akaitoa kamba kwa mkono mmoja, upesi kama mtu anayevua mkufu. Mtoto akalia. Ni msichana.

Na upande wa kulia wa mke wangu, kitu kikalia pia. Yeye mwenyewe alikisikia.

Niliingia nikamkuta bado magotini, amelaza kichwa kwenye ukingo wa kitanda cha mzazi, uso majivu. Kengele amempakata mtoto, mikono yake imejaa damu, machozi yanashuka wala hayafuti. Mpaka rangi alikuwa ananishukuru. Sikumsikia.

"Umeharibu kila kitu," nilimwambia mke wangu, mbele za watu. "Mwezi mzima. Miaka sita. Umeharibu."

Hakuinua kichwa. "Nimeshindwa kusimama," akasema. "Niinue kwanza, halafu unigombeze."

Tulimbeba kwenye godoro la mtoto wao wa kwanza, mimi na mpaka rangi, Kengele mbele ameshika mwavuli ambao haukumfunika mtu yeyote.

Tisa. Sikuwahi kuandika tisa.

3 Mei

Nane. Barabara bado. Daktari amesema kwa simu ya Kengele: alale, asikanyage, tumlete njia ikifunguka. Mpaka rangi ameleta maziwa. Nimeyapokea bila kumtazama usoni, kisha nikaona haya, nikamfuata nikamwuliza mtoto anaendeleaje.

4 Mei

Nane. Mvua ndogo.

Nimeketi karibu na kitanda tangu asubuhi. Kengele ametuacha peke yetu. Amesema ana kazi uani, na uani kunanyesha.

Nilimwomba msamaha kwa maneno ya juzi. Akasema ameshasamehe, hofu ikisema si mtu anayesema. Kisha nikaona kama sisemi leo sitasema.

"Kuna jingine," nikamwambia. "Mwaka ule wa pili nilikwambia labda ni mawazo."

"Tulikuwa tunaanua nguo," akasema.

"Sikukuamini."

"Najua, Fundi. Ulikuwa unanitazama kama unavyomtazama mteja anayekuambia bomba linavuja na wewe huoni maji."

Ndivyo ninavyowatazama kweli. Na mara nyingi bomba huwa linavuja, ndani ya ukuta.

"Mbona hukunigombeza?"

"Ningekugombeza vipi? Picha zilisema mzima, madaktari walisema mzima. Kuna siku hata mimi sikujiamini. Nilikuwa najiambia, inuka, mvivu wewe." Akanyoosha mkono akaushika wangu, ule wenye kovu la spana. "Lakini ulikuwa unanivalisha soksi kila asubuhi. Miaka sita. Mtu asiyeamini hakuchagulia soksi zinazofanana."

Nilitoka nje kidogo. Kengele alikuwa amesimama chini ya upenu, amekunja mikono, anatazama maji. Alinipa leso yake bila kugeuka.

6 Mei

Barabara imefunguka. Tumekwenda sote watatu.

Eksirei. Kisha kusubiri. Kengele alinishika kiwiko na hakukiachia. Daktari aliweka picha ukutani, akawasha taa nyuma yake. Vipini vitatu, vyeupe, vimelala sambamba. Akaweka picha ya Aprili kando yake. Alizitazama kwa muda ambao sitaki kuurudia maishani.

"Havijasogea," akasema. "Hata kidogo. Umechana msuli. Utauma wiki mbili tatu, kisha utatulia. Magongo yanaendelea." Akazima taa. "Sasa nieleze ulifanya nini."

Mkunga akaeleza, wima kwenye magongo, kama anayetoa ripoti ya zamu. Kamba, shingo, rangi ya uso.

Daktari akauliza, "Mtoto ni mzima?"

"Mzima."

"Basi nitakugombeza kidogo tu," akasema, na akafanya hivyo kwa dakika kumi, kwa sauti ileile ya chini, na mke wangu akaitikia "ndiyo, daktari" mara kumi na moja. Nilihesabu kwa furaha.

7 Mei

Saba. Tumelala mchana, nyumba nzima.

14 Mei

Tano. Taratibu amerudi. Ameambiwa habari yote, akamtazama Mkunga, akasema, "Mama, mimi neno langu ni moja tu," na kwa mara ya kwanza mke wangu akacheka naye.

21 Mei

Tatu. Mvua imekonda. Mke wa mpaka rangi amemleta mtoto. Kengele amempakata saa nzima na kumsahihisha mama mtu namna ya kufunga nepi. Mkunga akakonyeza jicho. Mwanafunzi wa siku moja tayari ni mkaguzi.

30 Mei

Mbili. Gongo moja.

4 Juni

Mbili. Amekaa kitako kwa saa moja na nusu, matako yote mawili, akisimulia umbea wa wodini. Sikutazama saa mpaka alipomaliza.

10 Juni

Kengele ameondoka leo. Masanduku mawili tu. La tatu ameacha, anasema limejaa vitu asivyovihitaji kwa sasa. Maana yake nimeielewa, na sikuchukia.

Mlangoni alinipa mkono, kisha akauvuta akanikumbatia, kitu ambacho hakuna mmoja wetu aliyekijua vizuri. Kidevu chake kiligonga bega langu.

"Shemeji," akasema, "ukija kwangu, kuna bafu halina vishikio. Na mimi magoti yangu si ya ujana."

"Nitakuja na mabomba yangu," nikamwambia.

"Njoo umenawa," akasema. Tuliangaliana, na nikaona kwamba hata yeye hajasahau, na miaka ishirini na saba alikuwa akitafuta namna ya kuligeuza lile neno liwe utani.

18 Juni

Mbili. Jua.

26 Juni

Daktari amempima leo, wiki kumi na mbili. Mfupa umeanza kuota kwenye vipini. Asubuhi za baridi bado kuna kitu kinamkumbusha, na mkao mrefu kwenye kiti kigumu unamchosha. Daktari amesema huenda hayo yakabaki, na huenda yakaisha. Nafuu kubwa, ameandika. Si kupona kabisa. Mwezi ujao atarudi wodini nusu zamu, bila kunyanyua mtu.

Daktari aliniomba daftari. Akafungua, akasoma, akafunua ukurasa, akanitazama juu ya miwani. "Baba, nilitaka namba tu." Akanirudishia akasema nimkopie namba peke yake, mengine ni ya mke wangu.

Kwa hiyo leo mke wangu amelisoma lote, amekaa kwenye kiti cha jikoni, mimi naosha vyombo kwa mujibu wa ratiba ambayo bado iko ukutani. Alipomaliza alilifunga. Kisha akasema nimekosea tarehe ya pete, alinipa usiku wa kuamkia upasuaji, si asubuhi. Nikasema haiwezekani. Bado tunabishana.

29 Juni

Asubuhi tulitoka kwa miguu, mimi na yeye, kwenda kununua betri za saa ya ukutani. Barabara imekauka, watu wameanika magodoro. Hana gongo. Nilikuwa namweleza habari ya mteja mmoja mwenye tangi lisilojaa, habari ndefu kidogo, na nilipogeuka ili anijibu, hakuwepo pembeni yangu. Alikuwa mbele, hatua kama ishirini, amesimama kwenye kona, mkono mmoja kiunoni kwa madaha tu.

Kwa miaka sita nimekuwa nikitembea polepole. Hakuna aliyenifundisha, mguu wangu ulijifunza wenyewe kusubiri wa mtu mwingine, na leo haukujua kama kazi hiyo imekwisha.

"Mbona unabaki nyuma?" akauliza.

Nikamwambia anisubiri. Hakunisubiri. Ikabidi nikimbie.